Mwenyeji Aliyeandikwa Kibarua

Dola humtaka raia wake mambo mengi. Humtaka kodi, na kodi hulipwa kwa jasho. Humtaka utii, na utii hulipwa kwa kuyazuia matakwa ya nafsi. Wakati wa vita humtaka damu, na damu haina kipimo. Lakini liko jambo moja ambalo hutakwa kwa nadra, na labda kwa sababu hiyo halikufikiriwa vya kutosha na wale walioandika juu ya wajibu wa raia. Jambo hilo ni kumtaka mtu aondoke mahali alipozaliwa, ili mahali hapo pajengwe kitu cha kuwalinda watu wengine. Je, yuko mwenye haki ya kumtaka mtu jambo hilo? Na kama yuko, ni kwa masharti gani? Haya ndiyo maswali ninayokusudia kuyachungua katika insha hii. Nitayachungua kwa mfano wa viwanja vya ndege vya kijeshi vilivyojengwa katika Bahari ya Hindi baada ya Vita Kuu ya Pili, na hasa kile cha kisiwa cha Diego Garcia.

Msomaji wa pwani yetu asidhani kwamba mfano huu ni wa mbali. Chombo kikitweka tanga kutoka Bagamoyo, kikaizunguka Unguja, kisha kikashika njia ya mashariki na kuelekea kusini kidogo tu, njia hiyo itakipitisha katika bahari ya Shelisheli, na mwisho wake, baada ya kilomita zaidi ya 3,500, itakifikisha Diego Garcia. Kwa hiyo watu wa Bagamoyo, wa Kunduchi na wa Mbweni huamka kila siku wakikitazama kisiwa hicho pasipo kukiona. Tena kisiwa hicho kimefanyizwa kwa kitu tukijuacho sana. Ni matumbawe; ndiyo mawe yale yale ambayo wazee wa pwani waliyakata, wakayachoma kupata chokaa, wakajenga kwayo msikiti na makaburi ya nguzo ambayo magofu yake yapo Kaole hata leo. Wazee wetu waliyatumia matumbawe kwa kusalia na kwa kuzikia. Wajenzi wa Diego Garcia waliyavunja na kuyashindilia, ili ndege nzito za vita zipate mahali pa kutua.

Yafaa kwanza tuelewe tabia ya njia ya kurukia ndege, kwa sababu tabia yake ndiyo iliyoleta msiba. Barabara ya kawaida ina adabu. Ikikuta mbuyu hupinda. Ikikuta kaburi la shehe hulizunguka. Ikikuta kijiji hupita katikati yake na kuwapa wanakijiji soko. Njia ya kurukia ndege haina adabu hiyo. Yataka iwe ndefu, iwe sawa, iwe imenyoka tangu mwanzo hata mwisho, na pande zake zote mbili pasiwe na mti mrefu wala nyumba. Njia ya Diego Garcia ilipokamilika ilikuwa na urefu wa futi 12,000, yaani mita 3,600 na zaidi. Katika bara urefu huo si kitu. Lakini katika kisiwa ambacho ni ukanda mwembamba wa ardhi uliozunguka maji ya bahari, urefu huo ni sehemu kubwa ya mahali panapokalika. Na kwa kuwa uwanja ni wa jeshi, wenye kuujenga hawatosheki na ukanda wa njia tu. Hutaka na macho ya watu yaondolewe.

Baada ya mwaka 1945 Uingereza ilianza kupoteza nchi ilizokuwa ikizitawala. India na Pakistan zilijitawala mwaka 1947, na Ceylon mwaka 1948. Kila bendera iliyoshushwa iliondoa na ruhusa ya kutua. Hivyo ndege za kijeshi zilizokwenda Mashariki ya Mbali zikawa zatafuta vituo katika visiwa, kwa kuwa kisiwa kidogo hakina bunge la kupiga kura wala magazeti ya kupiga kelele. Mwaka 1957 Waingereza walianza kuujenga upya uwanja wa Gan, kusini mwa visiwa vya Maldivi, na wenyeji wa Gan wakahamishiwa kisiwa jirani cha Feydhoo. Katika miaka ya 1960 Marekani nayo ikataka kituo katika bahari hii. Tarehe 8 Novemba 1965 Uingereza ilivitenga visiwa vya Chagos kutoka Morisi, na vya Aldabra, Farquhar na Desroches kutoka Shelisheli, ikaviita jimbo jipya. Morisi, ambayo ilikuwa bado haijapata uhuru wake, ilipewa pauni milioni 3. Shelisheli ililipwa kwa kujengewa uwanja wa ndege huko Mahé, uliofunguliwa rasmi mwaka 1972. Ndivyo ilivyokuwa: uwanja mmoja wa ndege ulinunuliwa kwa uwanja mwingine wa ndege. Tarehe 30 Desemba 1966 Uingereza na Marekani zilikubaliana kwamba visiwa hivyo vitumike kwa mahitaji ya ulinzi kwa muda wa miaka 50, na kwamba muda huo waweza kuongezwa.

Sasa tuwatazame watu. Visiwa vya Chagos vilianza kukaliwa mwishoni mwa karne ya 18, Wafaransa wa Morisi walipopeleka watumwa huko kulima minazi. Wengi wa watumwa hao walitoka Bukini, yaani Madagaska, na bara ya Afrika upande wa Msumbiji. Ni biashara ile ile iliyomleta Mfaransa Morice hata Kilwa, akafanya mapatano na Sultani wa huko mwaka 1776 ya kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Utumwa ulipokomeshwa, watu wa Chagos walibaki pale pale. Walivuna nazi, wakakausha mbata, wakavua samaki, wakajenga kanisa, wakazika wazee wao, wakawa na lugha yao ya Krioli na chakula chao na ngoma zao. Mpaka miaka ya 1960 vilikuwa vimepita vizazi kadhaa, na jumla yao ilikuwa kati ya watu 1,500 na 2,000.

Watu hao waliondolewa wote. Kuanzia mwaka 1968 waliokuwa wamekwenda Morisi kwa matibabu au kwa kuwazuru ndugu walipotaka kurudi waliambiwa kwamba hakuna meli ya kuwarudisha. Mwaka 1971 wahandisi wa jeshi la majini la Marekani waliwasili Diego Garcia kuanza kazi. Mwaka huo huo ilipitishwa sheria ya kumkataza mtu yeyote kuingia au kukaa katika visiwa pasipo kibali, na mbwa wa wenyeji waliuawa, wengi wao kwa moshi wa sumu ndani ya banda la kukaushia mbata. Wenye mbwa walishuhudia, wakafahamu. Watu wa Diego Garcia walipakiwa melini. Wengine walipelekwa kwanza visiwa vya Peros Banhos na Salomon, na mwaka 1973 waliokuwa huko nao wakaondolewa. Waliteremshwa Morisi na Shelisheli pasipo nyumba wala kazi. Katika Krioli yao liko neno *sagren*, maana yake huzuni. Na wengi wao husema kwamba wazee wao walikufa kwa *sagren*, kama vile wengine wafavyo kwa homa.

Mpaka hapa nimesimulia, na msomaji aweza kusema kwamba habari hizi ni dhuluma iliyo wazi, haina haja ya falsafa. Nami nakubali kwamba ni dhuluma. Lakini kusema jambo ni dhuluma si kueleza dhuluma yenyewe imekaa wapi. Je, imekaa katika kuhamishwa? Watu wengi duniani huhamishwa kwa ajili ya bwawa, reli au bandari, na si kila kuhamishwa ni dhuluma. Je, imekaa katika ukatili wa mbwa na meli? Ukatili huo uliongeza uchungu. Lakini hata kama wangalisafirishwa kwa upole, katika meli nzuri yenye vyumba, bado lingalikuwapo jambo lisilokuwa sawa. Kwa maoni yangu dhuluma ile ilitangulia meli, ikatangulia na matingatinga. Ilianza katika neno.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa huzitaka dola zinazotawala nchi za wengine ziyatangulize maslahi ya wenyeji wa nchi hizo, na zitoe habari zao. Kwa hiyo kama Chagos ilikuwa na wenyeji, Uingereza ilikuwa na mzigo wa kujibu. Njia ya kuukwepa mzigo ilikuwa moja tu: kusema kwamba hakuna wenyeji. Maandishi ya maofisa wa wakati ule, ambayo baadaye yalisomwa mahakamani, yanaonyesha jambo hili pasipo kificho. Waliafikiana kwamba watu wale waelezwe kuwa ni wafanyakazi wa mkataba waliotoka Morisi na Shelisheli, waliokuja kwa kazi ya muda, na kwamba kazi ikiisha watarudi kwao. Mwaka 1967 serikali ya Uingereza ikayanunua mashamba ya minazi yenyewe, na kwa hiyo ikawa yeye aliye mtawala ndiye pia mwenye shamba. Mtawala hawezi kumfukuza mwenyeji. Bali mwenye shamba aweza kufunga shamba na kumwachisha kibarua wake.

Hapa lugha yetu ina fundisho kwa mwenye kuisikiliza. Neno *kibarua* latokana na *barua*. Asili yake ni kijikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa, ili apate kulipwa ujira wake. Baadaye neno likahama kutoka kwenye karatasi likamwingia mtu mwenyewe, akaitwa kibarua. Katika miji ya pwani ya karne ya 19, Bagamoyo ikiwa mmojawapo, wengi walioitwa hivyo walikuwa watumwa waliokodishwa kwa siku, na sehemu ya ujira wao ikaenda kwa bwana. Mtu huyo alikuwa na jina, na ukoo, na pengine mke na watoto. Lakini mbele ya mwenye kazi alikuwa ni karatasi yake. Karatasi ikichanwa, yeye naye ameisha. Wazee wetu waliofanya neno hilo hawakukusudia kuandika falsafa, lakini waliliona jambo ambalo wanafalsafa hulizungumza kwa vitabu vizito: kwamba mtu aweza kugeuzwa akawa karatasi, na akishageuzwa hivyo aweza kuwekwa popote au kutupwa.

Ndilo lililofanyika Chagos. Kabla ya ardhi kusawazishwa, neno lilisawazishwa kwanza. Mwenyeji aliandikwa kibarua. Baada ya hapo kila hatua ilikuwa halali kwa macho ya waliokuwa wakiitenda, kwa sababu hakuna sheria inayokataza kumrudisha kibarua kwao. Swali la huko kwao ni wapi halikuulizwa. Mtoto aliyezaliwa Diego Garcia, na babu yake akazaliwa hapo, na mzazi wa babu yake akazikwa hapo, alirudishwa mahali ambapo hakupata kufika.

Naona sasa ni haki kuzisikiliza hoja za upande wa pili, maana asiyezisikiliza huhukumu upande mmoja.

Hoja ya kwanza husema kwamba watu wale hawakuwa wenyeji kwa kuwa walipelekwa na wengine. Kisiwa kilikuwa kitupu. Hoja hii huwapendeza wengi, lakini ikiletwa Bagamoyo yashindwa mara moja. Bagamoyo imejaa watu ambao babu zao waliletwa. Wapo waliofika na misafara kutoka Unyamwezi wakiwa wapagazi, wapo waliotoka Umanyema, wapo waliovuka bahari kutoka Arabuni na Bara Hindi, na wapo wa uzao wa watumwa waliokombolewa na kuwekwa katika kijiji cha Misheni ya Roho Mtakatifu, iliyoanza mwaka 1868. Hata jina la mji lina wasemaji wawili. Wengine husema ni neno la mtumwa aliyeubwaga moyo wake kwa kukata tamaa mbele ya bahari. Wengine husema ni neno la mpagazi aliyebwaga mzigo wake na moyo wake ukatulia. Kwa lolote kati ya haya mawili, mji umepewa jina na mtu aliyefika. Wala hakuna mwenye akili atakayesema kwamba watu wa uzao huo si wenyeji wa Bagamoyo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nami naongeza kwamba mgeni aliyezika wazazi wake mahali, akalea wajukuu mahali hapo, amekwisha kuwa mwenyeji. Tena katika hoja hii mna ubaya wa namna ya pekee: aliyemleta mtu kwa minyororo, au mrithi wake, aja baada ya miaka 180 kumwambia, hapa si kwako kwa sababu uliletwa.

Hoja ya pili husema, mwenye nguvu mpishe. Methali hii ni ya kweli, lakini yapasa kuielewa. Ni shauri la busara kwa mnyonge, humfundisha namna ya kuokoa nafsi yake. Haisemi kwamba mwenye nguvu anayo haki. Mtu akikwambia mpishe ng'ombe mwenye pembe, hakusudii kusema kwamba njia ni mali ya ng'ombe.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Husema kwamba usalama wa mamilioni waweza kutaka sadaka ya mamia. Sitaki kuipuuza, kwa sababu nchi yetu wenyewe iliijua haja ya kujilinda. Katika miaka ya 1970 Tanzania ilijenga uwanja wa ndege za kijeshi Ngerengere, kwa msaada wa Wachina. Na Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera, hapakuwa na haja ya kumweleza mtu kwa nini taifa lahitaji ndege. Mwaka 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, iliangusha mabomu Mwanza, yakaangukia hifadhi ya wanyama ya Saanane. Nchi isiyokuwa na njia ya kurukia ndege zake hungojea kupigwa. Basi sisemi kwamba viwanja vya kijeshi visijengwe, wala sisemi kwamba mtu asiombwe kamwe kuhama.

Nasema kwamba hoja ya sadaka hubeba ndani yake sharti ambalo wenye kuitumia hulisahau. Mtu hujitoa mhanga. Mbuzi hutolewa mhanga. Tofauti ya mambo haya mawili si ndogo. Kijana aliyekwenda Kagera alikuwa mmoja wa watu waliokuwa wakilindwa. Wazazi wake, mke wake na kijiji chake walikuwa nyuma yake. Alijua jina la kitu anachokifia, na taifa lilijua jina lake. Mwenyeji wa Diego Garcia hakuwa mmoja wa wale waliolindwa. Ndege zilizoruka kutoka kisiwani kwake kwenda vitani Iraki mwaka 1991, Afghanistani mwaka 2001 na Iraki tena mwaka 2003 hazikumlinda yeye wala watoto wake, waliokuwa wakiishi katika vibanda vya Port Louis. Hakuulizwa, hakushukuriwa, na zaidi ya yote hakutajwa. Na sadaka ya mtu asiyetajwa si sadaka. Ni kitu kilichochukuliwa.

Kwamba jambo hili lilikuwa la kuhiari, wala si la kulazimika, laonekana katika habari ya Aldabra. Kisiwa hiki, kilicho mashariki ya Kilwa, nacho kilikusudiwa kujengwa uwanja wa ndege za kijeshi za Uingereza katikati ya miaka ya 1960. Lakini Aldabra ina kobe wakubwa, ambao leo idadi yao hukadiriwa kufika laki moja au zaidi, na ina ndege wa nchi kavu ambaye amesahau kuruka. Wataalamu wa elimu ya viumbe wa Uingereza na Marekani waliungana, wakaandika, wakasema, wakapeleka hoja bungeni. Novemba 1967 serikali ya Uingereza, ambayo wakati huo ilikuwa taabani kwa fedha na imeishusha thamani ya pauni, iliuacha mpango huo. Aldabra ilirudishwa kwa Shelisheli mwaka 1976, na mwaka 1982 UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia. Mimi nafurahi kwamba kobe walipona. Lakini haiwezekani kuitazama miaka ile pasipo kuona kwamba kobe walikuwa na mawakili, na watu hawakuwa nao. Kobe aliandikwa kwa jina lake la kitaalamu. Mtu aliandikwa kibarua. Yule aliyeandikwa kwa jina lake aliachwa mahali pake.

Nchi yetu haikunyamaza kabisa. Mwaka 1971, mwaka ule ule wa kufika matingatinga Diego Garcia, Ceylon na Tanzania zilipeleka jambo mbele ya Umoja wa Mataifa, na tarehe 16 Desemba Baraza Kuu likaitangaza Bahari ya Hindi kuwa eneo la amani. Lilikuwa tendo jema. Lakini azimio hilo lilisema juu ya dola kubwa, silaha na vituo vyao. Watu waliokuwa wakipakiwa melini mwaka ule hawakuwa ndani yake. Hata waliozichukia kambi waliiona bahari, hawakumwona mwenyeji. Wahenga walisema, wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Labda wangaliongeza kwamba hata wenye kuwaamua fahali huzikanyaga.

Yaliyofuata yanathibitisha kwamba dhuluma ya neno ni ngumu kuiondoa kwa fedha. Uingereza ilitoa pauni 650,000 kwa ajili ya watu waliohamishiwa Morisi, nazo zikawafikia baada ya miaka. Mwaka 1982 ilitoa pauni milioni 4, na waliopokea walitakiwa kutia saini au dole gumba katika karatasi za Kiingereza cha kisheria, lugha ambayo wengi hawakuisoma, za kukana madai yao ya kurudi. Kwa mara ya pili mtu aliondolewa kwake kwa karatasi. Mwaka 2000 mahakama ya London iliamua kwamba amri ya kuwafukuza haikuwa halali; mwaka 2004 serikali ikaweka amri mpya, na mwaka 2008 mahakimu watatu kwa wawili wa mahakama ya juu wakaikubali. Februari 2019 Mahakama ya Kimataifa ilitoa rai kwamba Chagos ilitengwa na Morisi kinyume cha haki. Tarehe 22 Mei 2025 Uingereza na Morisi zilitia saini mkataba wa kuirudishia Morisi mamlaka, huku Diego Garcia ikibaki kuwa kambi kwa miaka 99. Morisi iliruhusiwa kuwapeleka watu katika visiwa vingine, si katika kile chenye uwanja. Wengi wa Wachagosi walilalamika kwamba hata katika mkataba huo wa kusahihisha makosa, wao hawakuulizwa. Serikali mbili zilizungumza juu ya nyumba, na mwenye nyumba akawa nje ya mlango.

Kutokana na haya napata masharti matatu, nayo nayatoa kwa wasomaji wayapime. La kwanza, anayetakiwa kuhama na aulizwe kwa jina la mwenyeji, wala asipewe kwanza jina jingine litakalorahisisha kumwondoa. La pili, awe ni mmoja wa wale watakaolindwa au kufaidika na kitu kinachojengwa. Kama sivyo, neno sadaka lisitajwe. La tatu, haki yake ya kurudi isizikwe chini ya kokoto. Siku haja ya kambi itakapokwisha, awe yeye wa kwanza kuitwa. Fidia ni wajibu, nayo sheria zetu za ardhi za mwaka 1999 zinaitaka iwe kamili, ya haki na ya haraka. Lakini fidia ni malipo ya minazi, mikorosho na kuta. Haiwezi kulipa jina. Wala masharti haya si ya Waingereza na Wamarekani peke yao. Pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam ni pwani inayotamaniwa. Tangu mwaka 2013, ulipotiwa saini mpango wa bandari kubwa ya Mbegani, neno fidia limesikika sana katika vijiji vya Bagamoyo, na hata mpango uliposimamishwa mwaka 2019 neno hilo halikusahaulika. Bandari ni kitu chema, na pengine siku moja patatakiwa na kitu cha ulinzi. Siku hiyo swali la kwanza lisiwe ekari ngapi, bali watu hawa wameandikwa nani katika karatasi zetu. Wakiandikwa wavamizi, au wakazi wa muda, au watu wasiokuwa na hati, kazi ya tingatinga imekwisha kufanyika.

Sisi tunaofanya kazi ya lugha hujiona kwamba hatuna sehemu katika mambo ya kambi na ndege. Sidhani kwamba tuko huru hivyo. Watu wa Chagos walihamishwa kwa meli siku chache, lakini walihamishwa kwa maneno miaka mingi kabla, na maneno yale yaliandikwa na watu waliosoma, waliojua sarufi, wakiwa wamekaa ofisini na kalamu mkononi. Mwanafunzi anayejifunza leo kuandika barua ya serikali na apate kufahamu kwamba kati ya *mwenyeji* na *kibarua* hapana tofauti kubwa ya wino.